Kipupwe chetu hakina theluji

Jioni moja hivi majuzi, binti yangu Nekesa, ambaye yumo katika Gredi ya Tano, aliniletea daftari lake la Kiswahili nilitie sahihi. Hii ndiyo ada ya siku hizi za mtaala wa umilisi, ambapo mzazi naye ni mwanafunzi. Kalamu nilikwisha kuishika, na aghalabu mimi hutia sahihi bila ya kusoma, aibu ambayo nadhani si yangu peke yangu. Siku hiyo, hata hivyo, jicho langu lilivutwa na wino mwekundu.

Swali lilikuwa hili: taja shughuli tatu ambazo familia hufanya pamoja wakati wa kipupwe. Nekesa alikuwa ameandika kwamba wakati wa kipupwe wao huenda kwa kukhu, yaani nyanya yake, huko Kimilili. Kwamba huota moto na kuchoma mahindi. Na kwamba huwasindikiza vijana wanaotahiriwa. Jibu la kwanza lilitiwa mkasi. La tatu lilitiwa mkasi. La pili lilipata alama moja, nayo ilikuwa ya kuota moto, kwa kuwa maneno "kuchoma mahindi" yalipigwa mstari na kuwekewa alama ya kuuliza. Chini ya hayo yote mwalimu alimwandikia majibu sahihi kwa hati nzuri ajabu: kuteleza kwenye barafu, kujenga sanamu ya theluji, kuota moto.

Nilicheka. Kisha kicheko kikanikauka mdomoni, kwa sababu mtoto hakuwa akicheka. Aliniuliza, "Baba, mbona sisi hatuna kipupwe?"

Nimekuwa nikifundisha isimu katika chuo kikuu kwa miaka kadhaa sasa, na nimeulizwa maswali mengi na wanafunzi wa uzamili kuhusu fonolojia na sintaksia, lakini sikumbuki swali lililonifanya nihisi nimefilisika kiasi hicho. Kesho yake nilikwenda shuleni. Wasomaji wasidhani kwamba nilikwenda kugomba. Mwalimu wa Nekesa ni mama mwenye umri wa kunizidi, mcheshi, na Kiswahili chake ni safi kuliko cha wengi wetu tunaojiita wataalamu. Alinikaribisha kiti, akalitazama daftari, akatabasamu.

"Baba Nekesa," akasema, "mimi nimezaliwa Nyandarua. Baridi ya Julai ninaijua kuliko wewe. Lakini fungua kitabu uone. Utakuta picha ya watoto waliovaa glavu wakirushiana theluji, na chini yake pameandikwa kipupwe. Sasa siku ya mtihani, mtoto atasahihishwa kwa kitabu au kwa Nyandarua?"

Sikuwa na jibu. Nilimshukuru nikaondoka, na makala haya ndiyo jibu nililopaswa kumpa siku ile.

Tuanze na neno lenyewe. Kipupwe ni majira ya baridi ya pwani ya Afrika Mashariki, yanayokuja baada ya mvua za masika, takriban kuanzia mwezi Juni hadi Agosti. Hivyo ndivyo neno linavyofahamika na wenyewe, na hivyo ndivyo kamusi zetu zinavyolieleza. Ni neno la watu ambao kalenda yao iliandikwa na pepo mbili. Kaskazi huvuma kuanzia Novemba au Disemba hadi Machi, nayo ndiyo iliyovileta vyombo kutoka Arabuni na Ghuba. Kusi huvuma kuanzia Aprili hadi kwenye Oktoba, nayo ndiyo iliyovirudisha. Baina ya pepo hizo mna masika, vuli, demani, na zile manyunyu za mchoo ambazo mwanafunzi wa Nairobi pengine hajapata kuzisikia hata kwa jina. Kusi linapopamba moto katika Juni na Julai bahari huchafuka, majahazi huvutwa pwani, na watu wa bara na wa pwani pamoja hujikunyata. Hicho ndicho kipupwe. Usiku Mombasa hufikia nyuzi 20 hivi, na mzee wa Mji wa Kale atakuambia ameganda, nawe usimcheke.

Sasa fikiria yaliyompata neno hili. Vitabu vya shule vilipotungwa, ilihitajika orodha ya majira manne, kwa kuwa vitabu vilivyonakiliwa kutoka Ulaya vilikuwa na majira manne. Masika yakapewa kazi ya majira ya kuchipua kwa majani, kiangazi kikawa jua la Julai la London, vuli ikageuzwa kuwa majira ya kupukutika kwa majani, na kipupwe kikavikwa koti la theluji na kuhamishwa hadi Disemba. Lakini Disemba, ndugu msomaji, ndio mwanzo wa joto letu. Mtoto wa Malindi anayefundishwa kwamba Disemba ni kipupwe anafundishwa kutoiamini ngozi yake mwenyewe.

Tafsiri ya aina hii sisi wanaisimu huiita kwa majina mengi ya kujigamba, lakini ukweli wake ni mwepesi. Neno lilikuwa na maana yake, likapokonywa, likapewa maana ya mgeni, kisha mwenye neno akaambiwa amekosa. Sipingi hata kidogo kwamba Kiswahili kinahitaji namna ya kuyataja majira ya baridi ya Ulaya. Kinahitaji, na kinayo: tunaweza kusema majira ya baridi, au majira ya theluji, na kila mtu akaelewa.

Nairobi nayo ina kipupwe chake, ingawa haina bahari. Kuanzia Juni upepo wa kusini-mashariki husukuma hewa yenye unyevu kutoka Bahari Hindi hadi kwenye nyanda za juu, na mawingu mazito hutanda siku nzima kama blanketi chafu, jua likawa hadithi. Mji ukiwa umeinuka takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, alfajiri ya Julai hushuka hadi nyuzi 11 au 12. Limuru, Kinangop na Nyahururu hali ni kali zaidi. Watoto wetu huenda shule wakiwa wamevaa sweta mbili, meno yakigongana, kisha humo darasani wakafundishwa kwamba kipupwe kiko nchi za mbali.

Lakini tuliache suala la hewa. Swali aliloulizwa Nekesa lilikuwa juu ya familia na mambo wanayoyafanya pamoja, na hapa ndipo kitabu kilipokosea zaidi. Kingeuliza tu wenye kipupwe chao, kingepata majibu ya kujaza kurasa.

Mwezi Julai mwaka 2016 nilijaliwa kwenda Makunduchi, kijiji kilichoko kusini-mashariki mwa kisiwa cha Unguja, kuiona sherehe ya Mwaka Kogwa. Nilikwenda kwa ajili ya lugha. Kimakunduchi, ambacho wenyewe hukiita pia Kikae, ni lahaja iliyo mbali na Kiswahili sanifu kiasi kwamba mtu wa Unguja Mjini huweza kukaa barazani akapitwa na nusu ya mazungumzo. Hata jina la sherehe ni somo la mofolojia. Kitenzi ni kukoga, ambacho sanifu hukitamka kuoga, na kile kiambishi cha kutendwa mwishoni kinatuambia kwamba mwaka ndio unaokogwa. Mwaka wa kale huoshwa, ukaondolewa uchafu, mpya ukaingia ukiwa safi.

Kwa hiyo nilijiandaa kwa daftari na kinasa sauti. Nilichokipata kilikuwa kikubwa kuliko daftari. Uwanjani walijipanga wanaume wa pande mbili za kijiji, upande wa kusini na upande wa kaskazini, wakiwa na mashina ya migomba mikononi, kisha wakaanza kuchapana. Msomaji asishtuke: shina la mgomba ni laini na lina maji mengi, na ijapokuwa nilimwona mtu mmoja akifunga kitambaa kichwani, wengi waliondoka wakicheka. Wanavyoeleza wenyewe, yale yaliyomkera mtu mwaka mzima juu ya jirani yake huishia pale. Baada ya hapo kinyongo hakina tena mahali pa kukaa. Wakati huo huo wanawake, waliovaa nguo zao bora kabisa, huuzunguka uwanja wakiimba, na nyimbo zao huwasema watu. Nilimwuliza bibi mmoja aliyekuwa karibu nami anisaidie kufahamu mistari miwili mitatu, akanitazama kuanzia kichwani hadi miguuni, akaniambia, "Mwanangu, hayo huyajui, na anayeimbwa yuko nyuma yako." Nilifunga daftari.

Halafu hujengwa kibanda kidogo cha makuti. Mtu huingia ndani, kibanda hutiwa moto, naye hutoka mbio kabla hakijateketea, huku watu wakitazama moshi unaelekea wapi, kwani moshi huo huagua mwaka ujao. Sherehe yote huchukua siku nne hivi, na usiku huwa wa ngoma na chakula. Jambo lililonikaa moyoni kuliko moto na migomba ni hili: kila nyumba hutakiwa iwe na mgeni. Nyumba isiyopata mgeni siku ile huhesabiwa kuwa na mkosi. Mimi, mtu wa Bungoma nisiyejua mtu, nilivutwa mkono na watu wa nyumba tatu, na nikala chakula cha mchana mara tatu.

Wapo wanazuoni wa dini wanaoilaumu sherehe hii kwa kuwa asili yake si ya Kiislamu, na wapo wanaolalamika kwamba wanasiasa na watalii wameizidi nguvu. Hayo yana wenyewe, nami si mwamuzi wake. Ninalotaka mwalimu alione ni hesabu iliyojificha ndani yake. Mwaka huu unaokogwa ni mwaka wa jua, wenye asili ya Uajemi. Huitwa Nairuzi, nalo neno hilo kwa Kiajemi ni siku mpya. Una siku 365 kamili, zinazohesabiwa kwa miongo ya siku kumi kumi: miongo 36, na siku tano za ziada. Mkulima aliijua siku ya kupanda kwa kuhesabu miongo, na nahodha aliijua siku ya kufunga bahari kwa hesabu hiyo hiyo. Mwezi wa Kiislamu haungeweza kuwafaa kwa kazi hiyo, kwa vile Ramadhani na Mfunguo Tatu huzunguka majira yote.

Lakini Nairuzi haina mwaka mrefu kama kalenda yetu ya ukutani. Kila baada ya miaka minne hubaki nyuma kwa siku moja. Mpe mwanafunzi wa hisabati swali hili: ikiwa siku ya mwaka siku hizi huangukia Julai, miaka 150 iliyopita iliangukia lini? Atagawanya kwa nne, apate siku 37 au 38, na atakuambia mwezi Agosti, karibu na mwisho wake. Atakuwa amesahihi. Na kwa kuwa siku 365 ni wiki 52 na siku moja, kila mwaka huanza siku inayofuata ile iliyoanza mwaka uliotangulia. Mwaka huu ukianza Jumatatu, ujao utaanza Jumanne. Watu wasiokuwa na kalenda za kuchapwa waliyahifadhi haya vichwani, wakawarithisha wana wao kwa sherehe ya kipupwe.

Wala si Makunduchi peke yake. Siku ya mwaka ilisherehekewa kotekote kwenye upwa huu. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo ameiandikia katika Desturi za Wasuaheli, kitabu kilichotolewa na Carl Velten mwaka 1903. Lamu na Mombasa kulikuwa na kuzungusha ng'ombe, ambaye alipitishwa kuuzunguka mji huku watu wakimfuata kwa dua, kisha akachinjwa, ili mji ukingwe na maradhi na mvua zije kwa wakati wake. Nimewauliza wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza wanaotoka Mombasa kama wamepata kuisikia siku ya mwaka. Katika darasa moja mikono miwili iliinuka. Mmoja wa hao wawili alisema aliisikia kwa nyanya yake. Wa pili alidhani ninauliza juu ya Januari mosi.

Nije sasa kwetu, kwa maana ndiko Nekesa alikopata majibu yake mawili yaliyokatwa. Sisi Wabukusu huwatahiri vijana wetu mwezi Agosti, katika miaka ya shufwa. Nami nilikuwa mmoja wao mwaka 1994. Kwa majuma kadhaa kabla ya siku yenyewe kijana huvaa njuga mikononi na kuzunguka kwa jamaa zake, karibu na mbali, akiwaalika huku akicheza. Katika mizunguko hiyo nilifahamu ni nani jamaa yangu na kwa njia gani, maarifa ambayo hakuna kitabu kingenipa. Siku ya kuamkia kutahiriwa nilikwenda kwa mjomba, ambaye kwetu huitwa khocha, akanichinjia ng'ombe na kunivisha shingoni luliki, ukanda wa nyama ya kidari. Ulikuwa mzito, wenye mafuta, na mbwa wa kijiji kizima walinifuata hadi nyumbani.

Alfajiri nilipelekwa mtoni. Wanaoijua miteremko ya Mlima Elgon watanielewa nikisema maji yale yalikuwa kama kisu kabla ya kisu. Nilioshwa, nikapakwa matope mwili mzima, nikapachikwa nyasi utosini, kisha nikarudi uchi kwa njia nyingine tofauti na niliyoiendea, umati wote ukiimba mbele na nyuma yangu. Wazee husema baridi na matope yale huufisha mwili ganzi. Yamkini ni kweli. Mimi nakumbuka tu kwamba sikuwa nikitetemeka peke yangu: shangazi, binamu, majirani, wote walikuwa nje alfajiri ile kwa ajili yangu, na baba yangu, mtu asiyepata kunisifu tangu nizaliwe, alikuwa amesimama pale uani akiwa amevaa koti lake la Jumapili.

Hizo ndizo shughuli za familia wakati wa kipupwe. Kwa nini Agosti? Kwa sababu shule zimefungwa, kwa sababu mahindi ya kuchoma yapo na nafaka ya busaa ipo, na chakula cha kuwatosha wageni hakipatikani mwezi wowote tu. Lugha ya Kibukusu imeihifadhi kalenda hii ndani ya majina ya watu. Wafula na Nafula walizaliwa mvua ikinyesha. Wanyonyi na Nanyonyi, wakati wa palizi. Simiyu na Nasimiyu, wakati wa kiangazi. Wanjala na Nanjala, wakati wa njaa. Wekesa na Nekesa walizaliwa wakati wa mavuno. Binti yangu alizaliwa Agosti. Nilipomwambia kwamba jina lake lenyewe ni majira, alikaa kimya kitambo, kisha akaniuliza kama mwalimu analijua jambo hilo.

Nisije nikaeleweka kwamba ninaidharau theluji. Nilipokuwa nikisomea shahada ya uzamifu nchini Marekani, niliishi misimu minne ya baridi ambayo sitaisahau, na wakati mmoja wa Januari rafiki alinipeleka Saint Paul, katika jimbo la Minnesota, kuyatazama maonyesho yao ya majira ya baridi. Asili yake inachekesha. Mwaka 1885 mwandishi wa gazeti la New York aliandika kwamba mji ule wakati wa baridi ni Siberia nyingine, haufai kukaliwa na binadamu. Wenyeji waliudhika. Badala ya kumjibu kwa maneno, mwaka 1886 walijenga kasri zima kwa matofali ya barafu yaliyokatwa, wakaita watu waje kulitazama. Tangu hapo, ijapokuwa kwa kukatizwa mara kadhaa, wamekuwa wakisherehekea. Wana mfalme wa baridi aitwaye Boreas, na mwishoni hupinduliwa na Vulcanus pamoja na kundi lake la watu wa moto. Nilipoyaona hayo sikuwa nimefika Makunduchi bado. Nilipofika, na kile kibanda cha makuti kikashika moto, nilimkumbuka Boreas.

Ninalowasifia watu wa Saint Paul ni kwamba waliitazama baridi yao wenyewe, ile iliyokuwa mlangoni mwao, wakawatoa watoto wao nje kwenda kuicheza. Hawakuwafundisha kusherehekea masika ya Lamu. Mtoto wa kule anayejenga sanamu ya theluji anacheza na kitu alichokikuta uani. Mtoto wetu anayekariri sanamu hiyo kwa ajili ya alama tatu anacheza na nini?

Kuna jambo jingine, na hili linauma zaidi kwa kuwa haliwezi kusingiziwa vitabu. Hata tukisahihisha neno, je, kipupwe chenyewe kimebakia kwa mtoto? Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inakataza masomo ya ziada wakati wa likizo. Iko wazi. Lakini juma lililopita nilipokea waraka kutoka shule moja, ambayo sitaitaja, ukitufahamisha wazazi kwamba katika majuma mawili ya kwanza ya likizo ya Agosti wanafunzi watahudhuria kile kilichoitwa kipindi cha kujiimarisha, na kwamba malipo yafanywe mapema. Hawakuliandika neno masomo. Hapo nami nikatambua kwamba wasanii wa lugha hawako chuo kikuu peke yake.

Wazazi wenzangu, tusijitakase. Waraka ule hauandikwi bila sisi kuuomba. Tunaogopa kwamba mtoto akienda mashambani wiki tatu, mwenziwe aliyebaki Nairobi atampita. Nami nimekuwa na hofu hiyo. Mwaka juzi Nekesa alibaki mjini likizo nzima akifanya majaribio ya mitihani iliyopita, na mama yangu alinipigia simu mara mbili kuuliza kama mtoto ni mgonjwa.

Si kwamba shule hazina lolote la kipupwe. Tamasha la Muziki la Kenya, lililoanza mwaka 1927, fainali zake kwa kawaida hufanyika mwezi Agosti, na mwalimu yeyote aliyepata kulisafirisha kundi la wanafunzi kwenda kwenye tamasha hilo, akalala nao bwenini la shule ngeni katika baridi ya usiku, anajua kwamba watoto huyakumbuka hayo hata baada ya kuusahau wimbo. Huko isukuti hupigwa, na ngoma za makabila ambayo mtoto hajapata kukutana nayo huchezwa mbele yake. Lakini wanaofika ni wachache. Wengi hubaki.

Nilimrudia mwalimu wa Nekesa juma hili. Nilimwambia kwamba simwombi abadilishe alama, kwa maana alama moja kati ya tatu haitamzuia mtoto kula. Nilimwomba jambo moja tu: awaambie watoto wakaulize nyumbani, kwa nyanya na babu wakiwapo, kwa jirani wasipokuwapo, familia zao hufanya nini katika miezi ya Juni, Julai na Agosti, na miezi hiyo huitwaje kwa lugha ya kwao. Alifikiri kidogo. Akasema kwamba darasa lake lina watoto 52 kutoka karibu kila pembe ya nchi, na kwamba kuyasahihisha majibu ya namna hiyo ni kazi, kwa sababu hakuna kitabu kitakachomwambia lililo sahihi.

"Ndiyo sababu ninaogopa," akasema. "Na ndiyo sababu nitalifanya."

Juzi alinionyesha baadhi ya majibu. Mtoto mmoja ambaye wazazi wake wanatoka Meru ameandika juu ya kuchuma majani chai asubuhi yenye ukungu, akiwa amevaa gunia kama koti. Mwingine, wa Nyeri, ameandika kwamba babu yake huwakataza kuoga jioni na huwasimulia hadithi hadi moto uzime, na kwamba hadithi hizo hazisimuliwi mchana. Mtoto mmoja wa Lamu, wa pekee darasani, ameandika sentensi mbili tu: kwamba baba yake ni mvuvi, na kwamba wakati wa kusi haendi baharini mbali kwa hiyo wanamwona kila siku. Mwalimu alikuwa amempa alama tatu zote, kisha akaandika pembeni kwa wino ule ule mwekundu, "Endelea."

Mimi nami nina safari. Mwana wa dada yangu anatahiriwa Agosti hii, na mimi ndiye khocha wake. Aliponijia na njuga zake, kijana mrefu mwenye sauti iliyovunjika, aliimba mlangoni pangu katika mtaa huu wa ghorofa, majirani wakachungulia madirishani wakidhani kuna msiba. Ng'ombe nimekwisha kumnunua. Mama yangu ametuma ujumbe kwamba tubebe blanketi zetu, kwa maana wageni watakuwa wengi na usiku ni wa baridi kweli. Nimemwandikia mwalimu mkuu kwamba Nekesa hatakihudhuria kipindi cha kujiimarisha, na katika nafasi iliyoachwa kwa ajili ya sababu nimeandika neno moja: kipupwe. Sijajibiwa. Basi la Kimilili linaondoka Jumamosi saa moja asubuhi.